Ghala la Kaboni Chini ya Kuvumwani

Haba na haba hujaza kibaba. Nataka kuwaeleza habari za kuvumwani, vile vimea vya kijani vinavyotanda kwenye mawe yenye unyevu. Watu huvikwangua hivi hivi tu, manake havina maua wala mizizi ya kweli.

Kama mahindi, navyo huvuta hewa ya kaboni na kujijengea mwili. Lakini ajabu iko kwa aina iitwayo sfagnamu, imeayo kwenye vinamasi vya nchi za baridi kama Kanada, Urusi na Ayalandi. Hiyo hufyonza maji kama sifongo, tena huyatia asidi. Kwa kukosa oksijeni, bakteria hushindwa kuozesha vizuri sehemu za chini zilizokufa. Mabaki hayo, yaani mboji, hulundikana milimita moja hivi kwa mwaka, kaboni ikiwa ndani. Mita moja ni kazi ya miaka 1000!

Kinamasi kikikaushwa, mboji huoza au huwaka, kaboni ikarudi hewani. Mwaka 2010 mboji ya vinamasi vilivyokaushwa iliwaka karibu na Moscow, moshi ukaufunika mji. Akiba ya karne nzima yaweza kuteketea kwa siku chache. Jamani, mimi naona akaushaye kinamasi amekimwaga kibaba chote.