Kura Yako Inaanguka Kwanza Kwenye Liste

“Pasta, mutu wetu alipata kura mingi, lakini yule mwenye kura kidogo ndiye alienda kukaa Kinshasa. Walituibia?”

Kijana mumoja muchimba zahabu aliniuliza vile kisha uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Pengine na wewe, musomaji mupenzi, ulijiuliza vile. Wizi ukiwepo, usifichwe. Lakini mara ingine ni sheria yenyewe inaleta matokeo ya namna ile, na sisi hatuijui. Tuiangalie pamoja.

1. Viti vinagawanywa namna gani?

Kule Marekani, kisha kila hesabu ya watu ya miaka 10, mipaka ya kuchagulia inachorwa upya, na katika majimbo mengi wanasiasa wenyewe ndio wanashika kalamu. Kwetu mipaka ni ile ya teritware na miji: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu, Mambasa, na muji wa Bunia. Hata Ituri ilipokuwa jimbo mwaka 2015, teritware zilibaki zile zile. Kinachobadilika ni hesabu ya viti.

Mwaka 2023, watu karibu milioni 44 walijiandikisha katika inchi nzima. Viti vya wadepite wa taifa ni 500. Gawanya: watu karibu 88.000 wanaleta kiti kimoja. Basi kijana wa Aru anayechimba Mongbwalu na kujiandikisha kule, anahesabiwa Djugu. Asiyejiandikisha hahesabiwi popote. Teritware ambayo watu wake waliogopa vita na hawakujiandikisha inaweza kupoteza kiti mbele hata kura moja haijapigwa.

2. Nani anaandika majina?

Marekani, wapiga kura wa chama wanachagua kwanza kati yao nani atasimama. Kwetu sheria hailazimishi vile. Wakubwa wa chama ao wa muungano wa vyama ndio wanapanga liste, na kila jina linalipiwa feza isiyorudishwa. Mutu wa haki lakini masikini anaweza kukwama pale pale mulangoni.

3. Kura inahesabiwa namna gani?

Pahali kuko viti vingi, kura za liste moja zinajumulishwa, kisha wenye kura nyingi ndani ya liste ndio wanachukua viti vyake. Tena, chama ao muungano usiofikia kura 1 kwa 100 katika inchi nzima unatolewa katika mugawanyo wa viti.

Tuseme mwalimu amepata kura 6.000, lakini chama chake hakikufikia ile 1 kwa 100. Mufanya biashara amepata 2.500 katika liste yenye nguvu. Mwalimu anabaki nyumbani, mufanya biashara anapanda ndege. Na hakuna sanduku lililoibiwa.

Basi tufanye nini?

Tukihesabu miaka 5 tangu 2023, tunafika 2028. Usingojee siku ya kampeni, wakati wanaleta chumvi na mashati. Wazazi, hakikisheni kila mutu wa nyumba mwenye miaka 18 anajiandikisha pahali anapoishi kweli. Vijana, ingieni katika mikutano ya vyama wakati majina yanaandikwa. Na kila kandidati akija kuwasalimia, mumuulize: “Uko kwenye liste gani? Nani alikuweka pale? Liste yako ina nguvu katika inchi nzima, ao ni hapa kwetu tu?”

Akikasirika kwa ulizo, hilo nalo ni jibu.