Mtoto Akizaliwa Kimya: Kwa Nini Wahudumu Wafanye Mazoezi Pamoja



Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama mmoja usiku hadi kituo cha afya ambacho sitakitaja. Mtoto alizaliwa kimya. Wahudumu walikuwa watatu, wote wamesomea kazi yao, na hakuna aliyekaa bure. Mmoja alikimbilia mfuko wa kupulizia hewa, kumbe umefungiwa kabatini na ufunguo uko nyumbani kwa inchaji. Wa pili alimshika mtoto miguu, kichwa chini, akampiga makofi. Wa tatu aliita, "Mtu alete taa!" Hakuna aliyetazama saa. Mtoto hakulia kamwe. Niliketi na mama yule mpaka asubuhi, naye aliniuliza neno moja tu: "Si walikuwa watatu?"

Hebu tulitazame swali lake.

Katika kila watoto 10 wanaozaliwa, karibu mmoja huhitaji msaada kidogo ndipo aanze kupumua. Watu husema "kumfufua mtoto", lakini wengi wa hawa hawajafa. Moyo unapiga, ila pumzi ndiyo haijaanza. Mtoto akaushwe vizuri kwa kitambaa, asuguliwe mgongo, na wengi watalia hapo hapo. Asiyelia alazwe chali mahali tambarare, kichwa kisipinde mbele wala kurudi nyuma mno, afunikwe mdomo na pua kwa kile kikombe cha mpira, apuliziwe hewa kama mara 40 kwa dakika huku kifua kikitazamwa kama kinainuka. Hewa hiyo ianze kabla dakika ya kwanza kuisha. Kumning'iniza, kumpiga makofi au kumwagia maji baridi ni kupoteza dakika hiyo, na kunaweza kumwumiza.

Mambo haya si magumu. Ugumu ni kuyafanya kwa dakika moja, usiku, mkono ukitetemeka, na mama naye akivuja damu kando. Mtu mmoja hawezi yote. Ndiyo maana mafunzo ya siku hizi huwaweka wahudumu pamoja kuzunguka mwanasesere. Yako mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na washirika wake. Mwanasesere wake hutoka Norway. Hujazwa maji ili awe na uzito wa mtoto wa kweli, na mwalimu akibonyeza vipira fulani, kitovu hupiga au mtoto hulia. Msicheke. Nimewaona manesi wa miaka mingi wakitokwa na jasho mbele yake.

Kabla ya kuanza hugawana kazi: huyu kichwa na hewa, huyu asikilize moyo na kutazama saa, huyu abaki na mama. Mmoja anaongoza. Akitaka kitu humwita mtu kwa jina, na aliyeitwa hurudia alichoambiwa ili ijulikane amesikia. Sisi wa vikundi tunalijua jambo hili: ukisema "mtu achukue daftari", daftari litabaki mezani. Wakimaliza huulizana, bila kugombezana, wapi walichelewa. Sehemu hii ndiyo ngumu pale ambapo nesi mdogo huogopa kumwambia mkubwa wake kwamba kikombe kinavujisha hewa.

Tena, semina ya siku moja haitoshi. Jirani zetu Tanzania walijifunza hivyo katika hospitali ya Haydom. Mwaka 2010 wahudumu walifunzwa siku moja. Kwa mwanasesere walifanya vizuri, lakini kwa watoto wenyewe chumbani kazi haikubadilika. Tangu 2011 wakaanza mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, mle mle wodini. Hapo ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua, kutoka kama 11 katika kila watoto 1,000 hadi kama 7. Wafanyakazi walikuwa na cheti tangu mwanzo; kilichoongezwa ni mazoezi.

Sasa, zahanati yetu usiku ina nesi mmoja na mlinzi. Basi timu ni hao wawili, pamoja na shangazi aliyemleta mzazi. Mlinzi aonyeshwe mchana taa iko wapi na nani wa kupigiwa simu. Shangazi abebe leso mbili safi na kavu, moja ya kumkaushia mtoto na nyingine ya kumfunika, kwa maana mtoto akipoa kupumua kunazidi kuwa kazi.

Wale mlio kwenye kamati ya zahanati, kwenye mkutano ujao ombeni kuonyeshwa ule mfuko wa hewa. Uwe mezani pale mama anapozalia, umesafishwa, na kikombe kidogo cha uso wa mtoto kiwepo. Ulizeni pia ni lini waliufanyia mazoezi mara ya mwisho, na walikuwa wangapi. Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde kikundi kinaweza kununua chenyewe.