Kabla hujaweka dau kwa ile sarafu ya 1780

Tuseme uko Nawoitorong, joto la Lodwar limepungua kidogo, bando imebaki ya kutosha, na simu inakuonyesha mnada. Ni sarafu kubwa ya fedha: upande mmoja mama wa Kizungu, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Muuzaji ameandika kuwa ni adimu sana. Zimebaki dakika nne. Dau la juu ni Sh6,000, na kwa M-Pesa una Sh9,000. Kidole kinakuwasha.

Hebu weka simu chini kwanza.

Inawezekana kabisa hiyo sarafu si feki, na bado ukawa umepigwa. Inaitwa thaler ya Maria Theresa, aliyetawala Austria. Alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Ethiopia walikuwa wameizoea sarafu yake kiasi kwamba nyingine hawakuitaka. Basi wachapaji wakaendelea kuitengeneza, na mwaka hawakuugusa. Vienna iliichapa, baadaye Roma, London na Bombay pia. Italia ilianza kuichapa miaka ya 1930, wakati Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia. Vienna inaichapa mpaka leo, na bado inaandikwa 1780.

Kwa hivyo mwaka unaouona hapo haukuambii sarafu ilizaliwa lini. Kuna mamia ya mamilioni ya hizi thaler duniani. Uzito wake ni gramu 28 hivi, na fedha ndani yake ni asilimia 83. Kwa nyingi kati yake, thamani ni hiyo fedha tu na kitu kidogo juu yake. Zipo chache ambazo ni za zamani kweli, lakini kuzitambua kunataka mtu anayejua alama ndogo ndogo za kila kiwanda. Kama hujui alama hizo, unanunua hadithi.

Na hadithi yenyewe ni tamu, hasa kwa mtu wa Turkana. Ethiopia ni jirani, na huko thaler ilikuwa pesa ya kawaida hadi karne ya 20. Pwani nako iliitwa riale. Ukienda Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, utapata watu kutoka Ethiopia, Sudan Kusini, Somalia na Congo. Sarafu ya zamani inaweza kuwa imefungwa kwa leso ya nyanya ya mtu pale. Ndiyo maana ukiiona kwenye skrini unahisi ni yako kabla hujailipia.

Mtego wa pili ni ile senti yenye tundu katikati. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na mfalme Edward wa Nane, aliyekalia kiti tangu Januari hadi Desemba akajiuzulu. Kwa sababu hakumaliza mwaka, kila kitu chenye jina lake kinauzwa kama dhahabu. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka huo, zenye jina lake, zilichapwa kwa mamilioni. Mfalme alikuwa wa muda mfupi, senti zake zikawa nyingi. Akikuambia “ya mfalme aliyetawala miezi kumi na moja”, hajadanganya. Ni hiyo bei tu ndiyo ya uongo.

Mtego wa tatu ni shilingi ya simba, ile ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma yake. Wauzaji wengi huandika “silver”. Ukweli ni kwamba za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, yaani haifiki gramu mbili kwa shilingi moja. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Angalia mwaka kabla hujaangalia simba.

Sasa utauliza: kama habari hizi zinapatikana, mbona watu werevu bado wanaingia boksi? Kwa sababu mnada wenyewe umeundwa hivyo.

Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Bazerman na Samuelson, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa biashara wa chuo kikuu cha Boston. Waliwaonyesha mitungi iliyojaa sarafu na vitu vingine vidogo, kila mtungi ukiwa na thamani ya dola 8, lakini hawakuwaambia. Kila mmoja akakadiria thamani, kisha wakashindana kwa dau. Kwa wastani wanafunzi walikadiria dola 5.13, chini kabisa ya ukweli. Lakini aliyeshinda mnada alilipa wastani wa dola 10.01. Kundi zima lilikuwa na tahadhari, na bado mshindi alipata hasara ya dola mbili.

Inawezekanaje? Fikiria watu kumi wanakadiria kitu kimoja. Wengine watakosea chini, wengine watakosea juu. Mnada haumchukui aliye katikati. Unamchukua yule aliyekosea juu kuliko wote. Wataalamu huiita laana ya mshindi, na walioielezea kwanza, mwaka 1971, walikuwa wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta, waliojiuliza kwa nini kampuni zinazoshinda minada ya vitalu katika Ghuba ya Mexico zinapata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Wewe unayekumbuka kelele za Machi 2012, mafuta yalipotangazwa kupatikana Ngamia-1, unajua jinsi kitu kilicho chini ya ardhi kinavyoweza kukadiriwa na kila mtu kivyake. Sarafu kwenye picha iko vivyo hivyo.

Ndiyo maana lile neno “Hongera, umeshinda!” linafaa likupe baridi kidogo. Maana yake ni kwamba hakuna mtu mwingine mnadani aliyekubali kulipa kiasi hicho.

Ongeza na ujanja wa watu. Muuzaji anaweza kumtumia rafiki, au akaunti yake ya pili, kupandisha dau hadi uone aibu kuachia. Saa inayohesabu sekunde inakunyima muda wa kufikiri. Tena ukishaongeza mara tatu, unaanza kuona kama unanyang'anywa mali yako.

Linganisha na soko la mifugo, la Lodwar au Kakuma, chagua lako. Hakuna mtu anayenunua mbuzi kwa picha. Unamshika mgongo, unamfungua mdomo uone meno, unamtembeza uone kama anachechemea. Dalali akipiga kelele unamwacha apige. Na bei ikikukataa unakwenda zako, kwa sababu wiki ijayo kutakuwa na mbuzi wengine. Babu yako angekucheka ukimwambia umelipia mbuzi aliye kwenye gunia, tena gunia lenyewe liko London.

Kuna na upande wa pili wa biashara hii, na huu unawauma hata wasiokusanya sarafu. Ni yale matangazo ya “tunanunua sarafu za kale kwa mamilioni”. Wanataka shilingi yako ya Jomo, wanataka ile ya Sh40 ya mwaka 2003, na wanakuahidi pesa za kununua ploti. Kisha inakuja ada ya usajili, halafu ada ya ukaguzi, halafu ya usafiri. Kila ada ni ndogo, soo tano hivi, ili usishtuke. Kumbuka kanuni moja: mnunuzi ndiye hutoa pesa. Akikudai wewe mwenye mali pesa kwanza, huyo hanunui sarafu, ananunua tamaa yako. Mwambie na mama nyumbani, kwa sababu yeye ndiye anayefuatwa na jumbe hizo.

Kama bado unaipenda sarafu, na ni haki yako, fanya hivi. Kwanza, tafuta bei ambazo sarafu kama hiyo imeuzwa, si bei ambazo watu wanaomba. Pili, andika kikomo chako kwa karatasi kabla ya mnada, na ndani ya kikomo hicho uweke gharama ya kusafirisha, ushuru na kuufikisha mzigo Lodwar. Weka dau lako mara moja na uache simu. Tatu, omba picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Thaler isiyokaribia gramu 28 haina maneno mengi. Ikifika, ilete karibu na sumaku, kwani fedha haivutwi. Nne, usiisugue kwa limau wala jivu ing'ae, maana wakusanyaji hushusha bei ya sarafu iliyosuguliwa.

Na kama huna haraka, anza na chenji. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa za Kenya, na Desemba 2018 zikaja sarafu za wanyama: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini. Zile za Jomo, Moi na Kibaki hazitachapwa tena. Hazitakufanya tajiri, usidanganyike. Lakini mwenye duka akikurudishia shilingi kumi ya Moi, umeipata kwa shilingi kumi, umeishika mkononi, na hakuna aliyekuhesabia sekunde.