Kasenga: Kompyuta moja inapomaliza mega za nyumba nzima

Mjini Kasenga, karibu kilomita 200 kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi, intaneti kwa watu wengi ni kitu cha kununua kidogo kidogo, kama mafuta ya kupikia. Mtu ananunua mega, anazitumia, zikiisha anarudi kwa muuza uniti. Hesabu hiyo ni rahisi akiwa na simu yake peke yake. Inaharibika pale nyumba inaponunua ruta ndogo ya kuwekea laini ya simu, na watu watano au sita wakaanza kuchota kwenye mtungi mmoja.

Tuchukue nyumba ya mfano. Baba anauza samaki, na bei za Lubumbashi anazipata kwa WhatsApp kabla hajapakia mzigo. Biashara hiyo si ya leo: tangu enzi za Wabelgiji samaki wa mto Luapula wamelisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga, na kwa miaka mingi wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga ndio waliowasafirisha. Siku hizi anayechelewa kupata habari ya bei ndiye anayeuza kwa hasara. Katika nyumba hiyo hiyo kuna kijana wa chuo aliyerudi likizo na kompyuta yake. Bando la giga tano limenunuliwa jioni. Alfajiri limekwisha, baba hana ujumbe hata mmoja, na macho yote yanamgeukia kijana.

Kijana anaapa kwamba alilala mapema. Na huenda anasema kweli.

Kompyuta yenye Windows haimsubiri mwenyewe ili ianze kupakua vitu. Ikiona Wi-Fi, inaihesabu kuwa ni intaneti isiyo na kikomo, kama ile ya ofisi za Brussels au Chicago, na inaanza kuvuta masasisho yake. Masasisho ya kila mwezi huweza kufika mamia ya mega, wakati mwingine yakapita giga moja. Kuhama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 ni giga kadhaa, na tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta zinazoweza kuhama zimekuwa zikisukumwa kufanya hivyo. Ongeza picha zinazojinakili zenyewe kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na giga tano ni chakula cha usiku mmoja.

Jibu la kwanza la wenye nyumba wengi ni kuzima ruta. Wakongomani wanaijua vizuri dawa hiyo ya kukatia wote kwa sababu ya wachache. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilikatwa nchini, na ujumbe mfupi wa simu nao ukazimwa. Serikali ilisema inazuia matokeo ya uongo yasisambae. Huduma ilirudi tarehe 19 Januari 2019, karibu siku ishirini baadaye, na katika siku hizo aliyekuwa akieneza uongo na aliyekuwa akitafuta bei ya dagaa waliadhibiwa sawasawa. Ndani ya nyumba hakuna haja ya kufanya hivyo. Ruta nyingi, hata zile za bei ndogo, zinaweza kuizuia kompyuta moja na kuwaacha wengine waendelee.

Kabla ya kuzuia chochote, upo mlango mwepesi zaidi. Kwenye Windows 10 na 11, ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, kuna swichi inayoiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Kwenye mashine za Kifaransa imeandikwa "connexion limitée". Ikiwashwa, masasisho mengi husimama. Haimkatii mtu kitu, na kijana bado anaweza kutuma kazi yake chuoni. Ubaya wake ni kwamba swichi iko mikononi mwa mwenye kompyuta. Anaweza kuizima, au akasahau kuiwasha kwenye mtandao mwingine. Ikifika hapo, ndipo zamu ya ruta.

Ruta ina ukurasa wake unaofunguliwa kwa kivinjari cha simu au kompyuta iliyoungwa kwenye Wi-Fi hiyo. Anwani ya ukurasa huo huandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa au nyuma ya betri: mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwenye ruta nyingi za mfukoni za Huawei ni 192.168.8.1. Itaomba jina na nenosiri, navyo viko kwenye kibandiko hicho hicho. Kama nenosiri bado ni "admin", kama lilivyotoka kiwandani, kazi ya kwanza ni kulibadilisha. La sivyo, kizuizi chochote kitakachowekwa mchana kitaondolewa usiku na kijana yule yule, kwa dakika mbili.

Ndani kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kuzuia mashine isiyo yenyewe. Simu hujitaja kwa majina yanayoeleweka kidogo, lakini kompyuta za Windows ambazo hazikubadilishwa jina hujiita DESKTOP au LAPTOP, kisha mkia wa herufi na tarakimu usiomwambia mtu kitu. Nyumba ikiwa na mbili, haijulikani ipi ni ipi. Njia ya uhakika haihitaji ufundi: zima Wi-Fi ya kompyuta moja, subiri kidogo, fungua orodha upya, na utazame ni jina gani limetoweka. Ukitaka uhakika zaidi, kwenye kompyuta yenyewe fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika ipconfig /all. Mstari wa "Adresse physique" utaonyesha jozi sita za tarakimu na herufi. Hiyo ndiyo anwani ya MAC, namba ambayo kadi ya mtandao hupewa kiwandani, na kwa kawaida ndiyo ruta inayoitambua kompyuta kwayo.

Mistari hiyo inaweza kuwa miwili au zaidi. Kompyuta yenye Wi-Fi na tundu la waya ina kadi mbili, na kila kadi ina namba yake. Aliyezuia ya Wi-Fi peke yake ameacha waya wazi.

Baada ya hapo linakuja suala la aina ya kizuizi. Kuna kichujio cha MAC cha Wi-Fi, kinachopatikana hata kwenye ruta ndogo za mfukoni. Kinaifungia kompyuta langoni kabisa: haiingii kwenye Wi-Fi, haipati intaneti, na haioni hata mashine ya kuchapishia iliyo chumba cha pili. Kwenye ruta kubwa kidogo kuna sehemu nyingine, inayoitwa udhibiti wa ufikiaji au udhibiti wa wazazi, "contrôle parental" kwa menyu za Kifaransa. Hii huiacha kompyuta ndani ya ua, iendelee kuchapisha na kupeana mafaili na wenzake, ila haiivushi barabarani. Kwa ofisi ndogo, au duka lenye kompyuta ya hesabu ambayo haina sababu ya kwenda mtandaoni, aina hii ya pili ndiyo inayofaa. Kwa nyumba ya mfano wetu, ya kwanza inatosha.

Kichujio cha MAC kina mtego mmoja ambao umewafanya watu kurudisha ruta dukani wakidhani imekufa. Kinauliza kama orodha ni ya kukataza au ya kuruhusu. Ukichagua kukataza, kompyuta iliyoandikwa inabaki nje na wengine wote wanaingia. Ukichagua kuruhusu, iliyoandikwa inaingia na wengine wote wanabaki nje, pamoja na simu unayoishika wakati huo. Likitokea hilo, unga kwa waya kama ruta ina tundu, au urudishe mipangilio ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kilichojificha kwenye shimo dogo, kwa ncha ya pini, kama sekunde kumi. Kitufe hicho hicho ndicho udhaifu wa mpango wote: anayeweza kuifikia ruta kwa mkono anaweza kufuta kila kitu. Ndiyo maana wengine huiweka chumbani kwa baba.

Kuna ruta zinazozuia kwa anwani ya IP badala ya MAC. Hiyo ni namba ambayo ruta yenyewe huigawia kompyuta, na kesho inaweza kuigawia nyingine. Kuzuia 192.168.1.7 leo kunaweza kuwa ni kuizuia simu ya mama Jumapili. Ruta zenye njia hiyo mara nyingi huwa pia na mahali pa kuifunga namba moja kwenye MAC moja isihame, na hilo lifanywe kwanza. Mtandao ukitumia pia anwani za kizazi kipya za IPv6, kizuizi kilichowekwa kwa namba hizi za zamani peke yake kinaweza kuacha mwanya.

Udhibiti wa wazazi mara nyingi huruhusu ratiba, kwa mfano kompyuta ifungwe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni mpango mzuri, kwani masasisho mengi hupita usiku wakati hakuna anayetazama. Lakini katika Kongo ratiba ina tatizo lake. Nchi ina saa mbili tofauti: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi na Katanga yote. Mwenye ruta akiiweka kwenye saa ya Kinshasa, kizuizi cha saa nne kitaanza saa tano Kasenga, na asubuhi kitachelewa kuondoka vilevile. Kwa Haut-Katanga chaguo sahihi ni GMT+2. Jina la Lubumbashi lisipokuwemo, Harare wana saa hiyo hiyo. Tena, ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, huanza na tarehe ya zamani mpaka zitakapopata intaneti na kujisahihisha, na kama mega zimekwisha hazitaipata. Ratiba ikianza kufanya vituko, angalia saa ya ruta kabla ya kumlaumu mtu.

Je, mwenye kompyuta anaweza kukikwepa kizuizi? Anaweza. Windows ina swichi ya kutumia anwani ya MAC ya kubahatisha. Kwa kawaida huwa imezimwa, lakini anayejua ataiwasha, na ruta itamwona kama mgeni mpya. Kwa simu jambo hili ni la kawaida kabisa: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hujivika namba tofauti kwa kila mtandao zenyewe. Kichujio cha MAC basi kinafaa zaidi kwa kompyuta kuliko kwa simu. Anayetaka kufunga mwanya huo atumie orodha ya kuruhusu, kwa uangalifu, baada ya kuandika kwanza namba za vifaa vyote vya nyumbani na kuzima namba za kubahatisha kwenye simu za nyumba kwa mtandao huo.

Njia nyingine ya kukwepa haigusi ruta kabisa. Kijana anaweza kuunga kompyuta kwenye simu yake kwa mega zake mwenyewe. Kasenga iko mpakani, ng'ambo ya Luapula ni Zambia, na si ajabu mtu kuwa na laini ya upande ule mfukoni. Mamlaka ya ruta yanaishia kwenye ruta. Kwa mwenye nyumba anayetaka kuokoa bando hilo si hasara: mega zinazoliwa sasa si zake. Kwa mzazi anayetaka kumtoa mtoto kwenye michezo ya mtandaoni ni habari nyingine, na hapo hakuna menyu itakayomsaidia kuliko kuzungumza naye.

Kuzungumza kunafaa hata katika nyumba ya mfano wetu, na kufanyike kabla ya kubonyeza kitu. Kompyuta iliyofungiwa haisemi kwamba imefungiwa. Huonyesha tu kwamba imeshindwa kuungana, na mwenyewe anaweza kumaliza siku nzima akiifungua na kuifunga, au akaipeleka kwa fundi na kulipia tatizo lisilokuwapo. Mwanafunzi anayesubiri tarehe ya kujiandikisha chuoni anaweza kuikosa hivyo hivyo, huku dawa iko kwenye meza ya sebuleni.

Namba ya MAC iliyozuiwa iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kwenye boksi la ruta pamoja na nenosiri jipya, mahali baba anapopajua. Masasisho nayo yasizuiwe milele, maana ndiyo yanayoziba matundu yanayopitisha virusi. Kijana akirudi Lubumbashi, au likipatikana bando la usiku la bei nafuu, namba hiyo hufutwa kwenye orodha, kitufe cha kuhifadhi hubonyezwa, na kompyuta huachwa ivute mpaka ishibe. Asubuhi hurudishwa kwenye orodha kabla baba hajafungua simu kuuliza bei.