Kuku Mahututi Ahitaji Joto na Maji, Si Pilipili

Kuku huficha ugonjwa hadi nguvu zimwishie. Akionekana amejikunyata, manyoya yametutumka na macho yamefumba nusu, tayari ameugua kwa muda. Saa chache zinazofuata ndizo zenye uamuzi, na hapo ndipo mikono yenye huruma huua.

Kosa sugu ni kummiminia kooni maji ya pilipili, majivu au shubiri. Kuku hana kile kifuniko kinachoziba njia ya hewa mtu anapomeza. Tundu la kupumulia liko nyuma tu ya ulimi. Kinachomiminwa kwa nguvu huingia humo na kushuka mapafuni. Mapafu yenyewe ni ya ajabu: hayatanuki wala kunywea. Hewa husukumwa ndani yake kuelekea upande mmoja na mifuko ya hewa iliyotanda kifuani na tumboni, mingine ikipenya hadi ndani ya mifupa, na hewa iliyovutwa mara moja hutoka nje baada ya kuku kupumua mara mbili. Hakuna kiwambo, mfupa wa kidari ndio unaoshuka na kupanda kuendesha mifuko hiyo. Kuku akibanwa kifua ili asifurukute, hewa hukatika, afie mkononi, kisha lawama zote upewe ugonjwa wa mdondo.

Atengwe na wenzake. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41, na asiyekula hushindwa kulilinda, hivyo awekwe kwenye boksi lenye matambara na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Maji ya kunywa yadondoshwe tone kwa tone pembeni mwa mdomo, ameze mwenyewe. Pumba laini zifuate akishapata joto. Gole likiwa bado limejaa asubuhi, asilishwe.

Vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya bakteria, havigusi mdondo, kwa sababu mdondo huletwa na kirusi. Anayetembeza sokoni "dawa ya mdondo" anauza uongo, na uongo huo humaliza mabanda mazima. Kinachosaidia ni chanjo, kama ile ya I-2 ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu kwa kuku wazima. Aliyekwisha kuugua haimponyi. Wachache wanaonusurika huweza kubaki na shingo iliyopinda, na wakisaidiwa kula na kunywa huendelea kuishi.

Kinyesi chenye damu ni habari nyingine. Mara nyingi, hasa kwa vifaranga, ni kuhara damu, na ugonjwa huo una dawa, amproliamu, ambayo huchanganywa na maji ya kunywa kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Kinyesi kiangaliwe kabla ya kununua chochote.