Miezi Mitatu ya Mzazi

Mgeni mmoja alinisimulia historia ya huruma kwa wagonjwa. Mwaka 1443, mjini Beaune, Ufaransa, ilianzishwa Hôtel-Dieu, nyumba ya kuwatibu maskini. Mwaka 1893 wamisionari Walutheri wa Leipzig wakafika Machame, kwenye mlima Kilimanjaro. Mwaka 1971 KCMC ikafunguliwa hapa Moshi. Kabla ya wamisionari, akasema, mlimani mgonjwa aliachiwa Mungu.

Hospitali hizo nazienzi. Zimeokoa ndugu zangu. Ninachokataa ni kwamba mgonjwa aliachiwa Mungu. Wamisionari walileta wodi na dawa. Kutunzana walikukuta kihambani, kwenye shamba la ukoo la Wachagga.

Mtazame mzazi wa Kichagga. Akishajifungua, hakushika jembe wala kukata majani ya ng'ombe kwa miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kula, kulala na kunyonyesha. Mama mkwe alimenya ndizi mshare, akazichemsha na nyama mpaka zikalainika, akaziponda zikawa mtori. Majirani walipokezana: huyu kaleta maziwa, yule kuni, mwingine kachota maji mferejini. Siku ya kuchinja mbuzi alipikiwa kisusio, supu yenye damu. Wageni hukunja pua wakisikia hivyo. Wangejiuliza kwanza mwanamke aliyetoka kumwaga damu anahitaji nini.

Miezi ilipotimia, alinyolewa, akavikwa taji la shanga na vazi la ngozi, akakabidhiwa fimbo kama ya wazee. Akashuka polepole na mwanawe hadi sokoni, na watu wakamwimbia nyimbo za askari aliyerudi vitani. Hapo ndipo moyo wangu hubaki. Wazee wetu walijua kwamba kuzaa ni vita, na kwamba aliyerudi hai anastahili kupokelewa na kijiji kizima.

Siwalilii wazee kwa kila walichofanya. Ukeketaji uende zake, usirudi.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alishuka kutoka mlimani na mkungu wa mshare kichwani. Nilimwambia, "Shikamoo mama, usijisumbue, nitapika mwenyewe." Akaniketisha kitandani. "Mwanangu, mzazi hapiki." Alikaa miezi mitatu. Leo amelala kihambani, kando ya migomba yake, na binti yangu akizaa sijui kama nitapata ruhusa kazini nikamkalie hata wiki mbili.

Sheria ya kazi humpa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo. Zinakaribia miezi ile ile mitatu, ila zimekuja bila mama mkwe, bila kuni za jirani. Na anayeuza mitumba Kiboriloni hana mwajiri wa kumpa hata hizo. Baada ya wiki chache anarudi sokoni, kichanga mgongoni, marobota mbele yake. Soko ni lile lile la kupokelea mashujaa. Anapita katikati ya watu, na wanachomuuliza ni bei.