Mstari Ulioandikwa na Mgeni

Njooni, wapwa zangu, sogeeni hapa kivulini. Jua la Kiboko ni kali saa hizi. Malori yanapita kule kwenye barabara ya Mombasa, yanakwenda na kurudi, lakini sisi hatuna haraka. Punda ameshafika kutoka mtoni. Mitungi imejaa. Haya, nani ana swali?

"Mimi, Mjomba," akasema kitindamimba wetu. "Mwalimu alisema maji machafu huleta kipindupindu. Nimechungulia ndani ya mtungi. Sikuona kitu. Kipindupindu kimejificha wapi?"

Umeuliza vema, mwanangu! Wengi huchungulia mtungi wakaona maji. Wewe umechungulia ukaona swali. Kaa hapa karibu yangu.

Kwanza tumsikilize huyu punda.

Punda akatikisa masikio, akasema: "Mimi hubeba mitungi minne, miwili huku na miwili huku. Siku nyingine hubeba mkaa. Siku nyingine hubeba mahindi. Mimi ni punda yuleyule. Kinachobadilika ni mzigo."

Shikeni neno hilo. Punda ni yuleyule. Kinachobadilika ni mzigo.

Sasa, majini huishi bakteria mdogo aitwaye Vibrio cholerae. Hupenda hasa mahali ambapo maji ya mto hukutana na maji ya bahari. Amepinda kidogo kama ndizi changa, na nyuma ana mkia mmoja wa kuogelea.

"Mdogo kiasi gani, Mjomba?"

Chukua rula yako ya shule. Tazama milimita moja, ule mwanya mwembamba. Ukiwapanga Vibrio mmoja nyuma ya mwingine, watatosha 500 hivi hapo. Ndiyo maana hukumwona mtungini.

"Na wote huleta kipindupindu?"

Hapana! Na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza. Vibrio wengi wanaoishi majini hawana kabisa ile sumu ya kipindupindu. Huogelea, hula, hujishikiza kwenye magamba ya viumbe vidogo vya majini, basi. Mweke mmoja asiye na sumu kando ya ndugu yake mwenye sumu. Utaona mapacha.

"Sasa tofauti iko wapi?"

Mnakijua kile kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO hapa Kiboko. Watafiti hupanda mahindi mistari kwa mistari, wayaone yanavyovumilia ukame. Chukua punje mbili za mahindi, uziweke kiganjani. Zinafanana. Lakini mvua ikikatika, mmea wa punje moja utanyauka, na wa punje ya pili utasimama. Tofauti haiko kwenye ganda. Tofauti iko kwenye maagizo yaliyoandikwa ndani ya punje.

Bakteria naye ana maagizo ndani yake. Mwaka 2000 wanasayansi walimaliza kuyasoma maagizo ya Vibrio mmoja mwenye sumu, herufi moja baada ya nyingine. Walihesabu herufi milioni 4 hivi. Na ndani yake walikuta herufi 7,000 hivi ambazo si za Vibrio kwa asili. Ni za mgeni.

"Mgeni gani?"

Kirusi.

"Mjomba! Kwani bakteria naye huugua virusi?"

Ndiyo, mwanangu, na hongera kwa kushangaa. Hata sisi watu wazima tulishangaa. Kirusi ni mdogo kuliko bakteria, mdogo sana. Hana nyumba, hana jiko, hana sufuria. Akitaka kuzaliana ni lazima aingie katika nyumba ya mwingine. Mwaka 1917 mtafiti Félix d'Hérelle aliwapa virusi wa namna hii jina la bakteriofaji, yaani mla bakteria. Wengi wao huingia kwa bakteria, wakapikiwa, wakazaana, wakabomoa nyumba na kuondoka.

Lakini mgeni wetu wa leo ana tabia nyingine. Wanasayansi humwita CTX. Akiingia kwa Vibrio, habomoi nyumba. Hukaa. Basi Vibrio ni punda, na CTX ni mzigo.

"Lakini Mjomba," akasema kitindamimba, "punda akizaa, mtoto wake hazaliwi na mtungi mgongoni. Vibrio akizaa je?"

Swali zuri hilo! Punda wetu amefika mwisho wa safari yake. Apumzike, anywe maji. Sisi twende jikoni.

Hapo jikoni yupo nyanya mmoja mwenye daftari kubwa la mapishi. Jinsi ya kupika muthokoi imo. Jinsi ya kupika ndengu imo. Binti yake akitaka kwenda kuanza jiko lake, nyanya humnakilia daftari zima, neno kwa neno. Binti naye humnakilia binti yake. Neno kwa neno.

Usiku mmoja mgeni akabisha hodi. Akapokewa. Watu walipolala, akachukua kalamu, akafungua daftari, akaingiza ukurasa wake mmoja katikati ya kurasa zaidi ya 500. Asubuhi nyanya hakutambua kitu. Alipomnakilia binti, alinakili na ule ukurasa. Binti naye akanakili. Mjukuu naye akanakili.

Hivyo ndivyo CTX afanyavyo. Hujiandika ndani ya daftari la Vibrio. Vibrio akigawanyika kuwa wawili, wote wawili wana ukurasa wa mgeni. Wakiwa wanne, wote wanne wanao. Na katika ukurasa huo mna mapishi ya chungu kimoja kibaya. Chungu cha sumu.

"Kwa hiyo sumu si ya bakteria? Ni ya kirusi?"

Mapishi ni ya kirusi. Anayepika ni bakteria. Anayeumwa ni sisi.

Jambo hili halikujulikana siku zote. Mwaka 1883 mtafiti Robert Koch alikwenda Misri kumtafuta kijidudu wa kipindupindu, kisha akaenda India. Mwaka 1959, mjini Calcutta, daktari Mhindi S. N. De alionyesha kwamba Vibrio hutoa sumu, na sumu hiyo peke yake yatosha kujaza utumbo maji. Ikabaki kujua mapishi yametoka wapi. Mwaka 1996, kule Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos walitangaza jibu: yameletwa na kirusi. Tangu Koch hadi hapo ni miaka 113! Kwa hiyo swali lako lisipojibiwa leo, usilitupe. Liweke.

Tena walionyesha jambo lingine. Vibrio akiwa tumboni hutoa vikamba vyembamba. Kwa vikamba hivyo Vibrio hushikana wao kwa wao, wapate kukaa utumboni. Basi CTX hudaka kikamba hichohicho, akakitumia kuingia. Katika panya, kirusi aliingia kwa Vibrio kwa urahisi zaidi utumboni kuliko kwenye vyombo vya maabara. Utumbo ndio ua ambamo mgeni na mwenyeji hukutana.

"Na ile sumu hufanya nini, Mjomba?"

Nyosha mkono wako. Sumu ya kipindupindu ina sehemu tano za kushikia, kama vidole vyako vitano. Hushika ukuta wa utumbo. Halafu ina sehemu ya sita, ambayo ni kama ufunguo. Vidole vikishashika, ufunguo huingia ndani na kufungua mfereji. Ukishafunguliwa, haufungiki. Chumvi humwagika kutoka mwilini kwenda utumboni, na maji huifuata chumvi kama ndama amfuatavyo mama yake. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Hebu fikirini: saa moja, lita moja.

Na maji hayo hutoka yamebeba Vibrio mamilioni kwa mamilioni. Kama hakuna choo, mvua huwasomba hadi mtoni, hadi kwenye kile kisima tunachochimba mchangani. Punda hubeba maji. Maji hubeba Vibrio. Vibrio hubeba kirusi. Kirusi hubeba mapishi ya sumu. Mmeona ule mzigo ulivyokuwa na mzigo ndani yake?

Kipindupindu kilifika Kenya mwaka 1971, kikiwa sehemu ya wimbi lililoanzia Indonesia mwaka 1961. Kimekuwa kikirudi tangu hapo. Oktoba 2022 kilizuka tena, kikaendelea hadi 2023.

"Ni Vibrio peke yake mwenye mgeni wa namna hii?"

La. Yupo pia bakteria aitwaye E. coli. Wengi wa E. coli ni majirani wema, huishi tumboni mwako hata sasa unaponisikiliza. Lakini wako wachache waliotambuliwa Marekani mwaka 1982, baada ya watu kula nyama ya kusaga isiyoiva. Nao wana sumu kali iliyoletwa na kirusi. Kirusi huyu hulala. Akishtuliwa, huamka, huzaana, hupasua nyumba, na sumu yote humwagika. Tena zipo dawa za kuua bakteria ambazo humshtua. Ndiyo maana mtu akiharisha damu hatukimbilii dukani kununua vidonge. Tunakwenda hospitali, daktari apime kwanza.

"Basi virusi wote ni wabaya!"

Subiri, mwanangu. Si kila anayebisha hodi ni mwizi. Wapo virusi wengine wanaomla Vibrio. Huko Bangladesh watafiti waliona kwamba mlipuko wa kipindupindu unapofifia, virusi hao huwa wameongezeka majini na matumboni mwa wagonjwa.

Lakini sisi hatukai kungoja virusi watuokoe. Tuna dawa ndogo yenye nguvu. Maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa juu, chumvi nusu kijiko kidogo. Koroga, mpe mgonjwa kidogo kidogo huku mnampeleka hospitali. Pakiti za mchanganyiko kama huu, ziitwazo ORS, zikipatikana, ndizo bora.

"Sukari ya nini, Mjomba? Si tamu tu?"

Aa, hapo umegusa penyewe! Ile sumu hufungua mfereji wa kutoa maji. Lakini utumbo una mlango mwingine, wa kuingizia, na sumu haiwezi kuuharibu. Mlango huo haufunguki kwa chumvi peke yake. Sukari na chumvi zikifika pamoja, zimeshikana mikono, hufunguka. Zikiingia, maji nayo huingia. Mwaka 1971, mwaka uleule kipindupindu kilipofika Kenya, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa mchanganyiko huu wakimbizi waliojaa kambini mpakani mwa India na Bangladesh, pale maji ya kuwatia mishipani yalipomwishia. Kabla yake, kwa kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa karibu 30. Baada yake, hawakufika 4. Sukari na chumvi, wapwa zangu. Vitu vya jikoni.

Kitindamimba akanyamaza kidogo. Akachora mistari vumbini kwa kijiti. Kisha akainua kichwa.

"Mjomba, kama mapishi ya sumu yako kwenye ukurasa mmoja tu, si mtu angeufuta?"

Nikamtazama mtoto yule. Wapwa zangu, swali hilohilo waliliuliza wanasayansi! Walichukua Vibrio, wakalifungua daftari lake, wakafuta karibu mstari wote wenye mapishi ya ule ufunguo. Vidole wakaviacha. Vibrio yule akabaki anashika bila kufungua. Wakamfanya chanjo ya kunywa, mwili uijue sura yake bila kuumizwa na sumu yake. Mwaka 2016 Marekani iliiruhusu chanjo hiyo. Zilizotolewa hapa Kenya mwaka 2023 ni za aina nyingine, za Vibrio waliokwisha kufa, nazo hunywewa pia.

Kwa hiyo hukuuliza swali la kitoto. Uliuliza swali la maabara, ukiwa umekaa chini ya mgunga hapa Kiboko, na kijiti mkononi.

"Sasa najua alipojificha," akasema. Akasimama, akanawa mikono kwa sabuni, akateka maji ya mtungini, akayamimina kwenye sufuria. Akaiweka motoni.

"Yachemke sawasawa, Mjomba?"

Yachemke sawasawa, mwanangu. Yatokote. Halafu tunywe chai.